Mguu Kwenye Breki

Twahir alimwacha mkewe kwa sababu ya vyuma chakavu. Ndivyo watu wa Kaloleni walivyolisema jambo hilo, na safari hii hawakutia chumvi. Maulida alikuwa amemwita mnunuzi wa vyuma akampimia springi kuukuu na diski za breki zilizolika, zilizorundikana nyuma ya choo tangu binti yao Salwa hajaanza kutambaa, ili mtoto apate viatu vya shule. Twahir, fundi wa magari, alirudi kutoka kununua nati, akaona pengo palipokuwa na rundo lake, na mdomo ukamtangulia akili. "Maulida, nimekuacha. Talaka moja." Aliyasema hayo mbele ya mnunuzi wa vyuma, ambaye alikuwa bado ameshika mizani na hakujua atazame wapi.

Talaka moja si mwisho wa dunia. Mwanamke hukaa eda humo humo nyumbani, na mume akijirudi husema neno moja tu, nimekurejea, mambo yakawa kama yalivyokuwa, bila ndoa mpya wala mahari. Ila lazima aliseme kwa ulimi wake, na aliseme kabla eda haijaisha. Twahir alihamia stoo ya spea, akawa analala juu ya viti vilivyong'olewa kwenye Peugeot. Maulida alibaki chumbani na Salwa. Aliendelea kupika, na chakula cha Twahir alikipeleka kwa mkono wa mtoto, naye alikula akiwa amekiweka juu ya boneti ya gari lolote lililokuwa karibu. Hata wiki haikuisha, uani kote walijua kwamba fundi anajuta. Lakini mwanamume aliyetamka mbele za watu huona haya kujirudi mbele za watu wale wale.

Bi Zamda, mama mdogo wa Maulida, alikuja kutoka Daraja Mbili. Huko alikuwa akisomesha wanawake chuo cha Kurani, na mambo ya eda aliyajua kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akauliza kabla hata hajapewa maji.

"Siku aliyokuacha ulikuwa twahara, bila damu?"

"Nilikuwa twahara, mama."

"Basi twahara hiyo ni ya kwanza. Itakuja damu, itakuja ya pili, na siku utakayoiona damu ya tatu umeshatoka mikononi mwake. Siku hiyo hiyo ufunge mzigo uje kwangu."

"Yeye anasema eda ni miezi mitatu."

"Miezi mitatu ni ya bikizee aliyekwisha kukatika damu. Wewe umekatika?" Bi Zamda alisonya. "Wanaume wa siku hizi eda wanaisoma kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya bia."

"Nimwambie?"

"Umwambie nini? Uombe kurejewa kama mtu anayeomba chumvi? Anayekutaka hangoji kuhesabiwa. Nyamaza, tuone."

Maulida alinyamaza. Haukupita muda mrefu, kondakta wa basi la Kondoa akaleta ujumbe wa kaka yake, Muzammil, ambaye tangu mwanzo hakumpenda Twahir. Eda ikiisha, dada arudi nyumbani. Yupo mtu mwenye mashine ya kusaga, ana wake wawili na nafasi ya wa tatu. Maulida aliusikiliza ujumbe ule akiwa anachambua mchele. Hakulia, wala hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeulalia mkono wake hadi ukafa ganzi. Anauona, anajua ni wake, lakini hausikii. Alimshukuru kondakta, akamaliza mchele, akainjika.

* * *

Magari ya Japani yalikuwa yakiingia nchini siku hizo kama nzige. Kila mwenye vijisenti alikuwa na lake bandarini au njiani, na wengi wao walipofika Arusha walimtafuta Twahir kwanza. Gari la Japani huja limekaa chini kama bata. Twahir alilipandisha kwa mipira na springi za pikapu hadi lipite mashimo ya Sombetini na mawe ya barabara za mlimani bila kulia. Jina lake mjini lilikuwa hilo, kunyanyua. Hakuna mtu aliyewahi kumlipa ashushe.

Nathanael alikuja kutaka hilo hasa. Alikuwa kijana wa Kiarusha kutoka upande wa magharibi wa Meru, mtoto wa mzee wa kanisa mwenye ng'ombe wachache, naye Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, ilikuwa imemfungukia kwa jiwe moja la buluu. Sasa alikuwa na saa kubwa na Starlet nyekundu, kigari cha milango mitatu chenye turbo, kifupi nyuma kama sabuni iliyokatwa na kisu.

"Fundi, nataka ishuke," alisema. "Ishuke mpaka yai lisipite chini yake."

"Barabara zetu hizi?"

"Siyo ya barabarani. Kuna uwanja wa ndege wa zamani kwenye shamba moja la kahawa, kule Usa River. Wahindi, Wazungu wa mashambani, na sisi wa Mererani. Tunapanga mapipa, tunazunguka, tunapimana kwa saa. Kila siku kuna Mhindi mmoja ananipita kwenye kona. Mbio ninazo, fundi, kona sina. Na breki sina."

Aliufungua mlango wa nyuma, akaonyesha alivyoleta kutoka Nairobi: springi fupi nene, shokapu ngumu, mipira ya breki iliyosukwa kwa waya, na diski za mbele pana zenye matundu ya kupitisha hewa. Twahir aliinyanyua diski moja, akaipitishia kidole gumba taratibu ukingoni. Maulida alikuwa anaanika nguo. Aliuona uso wa Twahir, akaujua. Hajawahi kuona mwanamume akitazama chuma namna ile, isipokuwa yeye.

"Ukinitengenezea hii," Nathanael alisema, "nafungua gereji Sombetini, na wewe ndiye mkuu wake. Uzio, paa, shimo la sementi. Uachane na kulala matopeni."

Twahir alishusha gari kwa siku kadhaa, akinung'unika kama anayevaa shati ndani nje. Tairi lilisugua madigadi, akalikunja madigadi kwa nyundo. Mbele kulilala zaidi kuliko nyuma, akavua, akavaa upya. Halafu zikaja breki, na breki zikadai mtu wa pili.

Kutoa upepo kwenye breki hakufanywi na mtu mmoja. Mmoja hulala chini penye gurudumu na spana, mwingine hukaa kwenye usukani na kukanyaga. Wa chini husema kanyaga, wa juu anakanyaga. Wa chini husema shika, wa juu anabana pedali isipande, na wa chini anafungua kijinati, mafuta yanatoka yakiwa na mapovu, anafunga. Ndipo anaposema toa. Wa juu akitoa mguu kabla hajaambiwa, upepo unarudi ndani na kazi yote inaanza upya. Kijana aliyekuwa akimsaidia Twahir kazi alikuwa ameondoka kwenda kuchimba Mererani. Lakini hata alipokuwepo, Twahir hakuuamini mguu wake. Tangu alipooa, mguu wa breki ulikuwa wa Maulida.

"Mama Salwa," aliita kutoka chini ya gari, bila kumtaja yeyote mwingine, kana kwamba hakuna lililotokea. "Njoo unikanyagie."

Maulida alijifuta mikono kwenye khanga. Majirani walisogea kidogo ili wasikie vizuri. Alipofika mlangoni, Nathanael alimzuia kwa kiganja.

"Subiri, mama. Kiti hiki ni cha Japani." Akatandika gazeti, akalinyoosha pembe zote. "Haya, sasa kaa."

Alikaa juu ya gazeti. Lilikuwa likilia chini yake kila alipojisogeza, kwa hiyo akaacha kujisogeza. Mlango waliuacha wazi, maana mwanamke wa eda na aliyemwacha hawafungiwi mahali pamoja, na uani kwa Mzee Selemani, mwenye nyumba, mambo hayo yalitazamwa.

"Kanyaga," sauti ilitoka nyuma kushoto. "Shika." Spana ikalia. "Toa."

Magurudumu manne. Kwa wiki nyingi hawakuwa wamezungumza maneno mengi hivyo.

"Huyu mke wangu," Maulida alimsikia akimwambia Nathanael walipomaliza, "ana mguu. Akiambiwa shika, anashika mpaka kesho."

Mke wangu. Alilitamka kama mtu anayetaja koti lake lililotundikwa mahali pake pa siku zote. Maulida alitoka garini, akakunja gazeti, akamrudishia mwenyewe.

* * *

Habari yenyewe ililetwa na Hedwiga. Huyu alikuwa Mchaga wa Rombo aliyepanga chumba cha jirani, mama wa msichana aliyeitwa Anande, na maandazi yake yalijulikana hadi uwanja wa mpira. Aliingia bila hodi, akafunga mlango kwa kisigino.

"Nimembana mumeo," alisema. "Nimemwambia, we baba, mpaka lini unalala na mapampu ya maji? Unajua kasema nini? Anakurudisha!"

Maulida aliendelea kumsuka Salwa. "Kasema lini?"

"Jumapili ya mashindano. Yule kijana atamlipa siku hiyo. Anataka anunue mbuzi, amwite sheikh, akurudishe mbele za watu wale wale waliosikia akikuacha. Khanga ameshanunua, nimeiona kwa macho yangu, iko kwenye stoo, nyuma ya betri. Anasema kawia ufike." Hedwiga alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Hufurahi?"

"Salwa, kacheze."

Mtoto alitoka na nywele nusu. Maulida alisubiri mpaka hatua zake ziishe, ndipo akaeleza kwa sauti ndogo alichoambiwa na Bi Zamda: kwamba eda yake haiendi kwa miezi, kwamba mbili zimeshapita, na kwamba ya tatu, kama mwili wake utafuata desturi, haitaingoja Jumapili.

Hedwiga alikaa kitandani. "Sasa si umwambie?"

"Nimwambieje? Niende pale mbele ya wateja niseme siku zangu zinakaribia?"

"Nitamwambia mimi."

"Usithubutu, mama Anande. Aliniacha bila kuambiwa na mtu. Na kunirejea, asiambiwe."

"Sisi kwetu ndoa ni moja mpaka kaburini," Hedwiga alisema, akishika kichwa. "Tunapigana, lakini hakuna wa kumhesabia mwenzake. Na huyo wa mashine ya kusaga, unamtaka?"

"Simjui."

"Na huyu?"

Maulida alitafuta jibu na hakulipata. Alijua lilikuwepo mahali fulani, na alijua lilikuwa kubwa. Hakuweza tu kulifikia.

* * *

Nathanael alilichukua gari kulijaribu, akapanda nalo hadi Ngaramtoni na kushuka mbio. Walilisikia likirudi kabla hawajaliona, na harufu ya breki iliyoungua ikaingia uani kabla yake.

"Zimezama!" Alikuwa ametokwa na jasho, na baridi ya Julai ilivyokuwa. "Kona tatu za kwanza, fundi, zinashika kama mkono wa Mungu. Ya nne, nakanyaga, mguu unakwenda mpaka chini. Ningekufa, unajua? Ningemkuta ng'ombe ningekufa naye!"

Twahir alifungua boneti. Alichovya kidole kwenye chupa ya mafuta ya breki, akayanusa. Yalikuwa mafuta aliyotumia miaka yote, ya kopo lililokwisha kufunguliwa, na kwenye teksi na pikapu hayajawahi kumtia aibu. Lakini teksi haikanyagwi hivyo. "Yamechemka," alisema mwishowe. "Yakichemka yanakuwa upepo. Lete yale ya kuhimili moto, kopo ambalo hajafungua mtu. Tutatoa yote haya."

"Mashindano Jumapili."

"Najua siku ya mashindano."

Mafuta yalifika siku mbili baadaye, na Maulida akaitwa tena. Gazeti lilikuwa limeshatandikwa. Safari hii Nathanael hakuwepo, Mzee Selemani alikuwa amesinzia barazani kwake, na Hedwiga alikuwa amejitia shughuli upande wa pili wa uwanja, ambako hakuwa na shughuli yoyote. Maulida aliona ndiyo nafasi. Aliongea akitazama usukani.

"Baba Salwa."

"Kanyaga."

Akakanyaga. "Siku zinakwenda."

"Shika. Zinakwenda, ndiyo. Ndiyo maana sitaki kurudia hii kazi mara ya tatu. Toa."

"Sisemi gari."

Spana ilinyamaza. Alimsikia akipumua chini ya chuma, karibu na mguu wake. Laiti angetokeza kichwa. Angemwona Maulida uso tu, labda angeelewa, kwa kuwa uso wake alikuwa anaujua kuliko sauti yake.

"Mama Salwa," alisema Twahir, na sauti yake ilikuwa laini kuliko siku zote, "mimi si mjinga. Nimefanya jambo la haraka na silifanyi tena la haraka. Naomba univumilie mpaka Jumapili. Kila kitu nimekipanga. Utafurahi mwenyewe."

Ngojangoja huumiza matumbo, lakini lake halikuuma. Koo lilitaka kusema, *haifiki Jumapili*. Maneno hayo mawili yangetosha. Akafikiria jinsi Twahir atakavyotoka chini ya gari, mikono imejaa mafuta, na kuuliza kwa nini haifiki, na jinsi yeye mwenyewe atakavyolazimika kumweleza mwanamume aliyemwacha mbele ya mnunuzi wa vyuma habari za damu yake, ili amhurumie upesi. Aliona haya, na pia aliona kiburi. Viwili hivyo vilikuwa ndivyo pekee alivyovisikia siku hizo, akavifuata.

"Kanyaga," ilisema sauti.

Akakanyaga.

* * *

Jumamosi asubuhi, chooni, aliiona.

Alisimama muda, mkono ukutani. Alingoja kitu kimpande kifuani, hakikupanda. Alijistiri, akanawa, akarudi chumbani, akalivuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Nguo za Salwa alizikunja kwanza. Zake zilikuwa chache. Sufuria mbili alizokuja nazo kutoka kwao alizifunga pamoja, na kijiko katikati ili zisigongane.

"Mama Salwa!" Twahir aliita kutoka uwanjani. "Njoo tumalizie, upepo bado upo, na mwenyewe kafika!"

Miguu ilikwenda yenyewe. Baadaye Hedwiga alimuuliza kwa nini alikwenda, naye akasema ilikuwa kazi, na kazi ilikuwa haijaisha. Nathanael alikuwa amesimama kando ya Starlet na viatu vyeupe, akiitazama saa yake. Jioni ile madereva wote walikuwa wanakwenda kuuzoea uwanja, na Mhindi wake alikuwa ameshafika huko. Maulida alikaa. Nyuma kushoto, nyuma kulia. Kanyaga, shika, toa. Mbele kushoto. Pedali ilianza kupanda chini ya unyayo wake, ikawa ngumu, ikawa jiwe.

"Ikoje?" Twahir aliuliza.

"Imesimama."

"Imesimama kabisa?"

"Kabisa."

Alitoka chini ya gari akicheka. Maulida hakuwa amemsikia akicheka tangu mambo yaharibike. "Shika hivyo hivyo, usitoe!" Akakimbilia stoo, akarudi amebeba kitu ndani ya karatasi. "Mzee Selemani! Njoo huku tafadhali! Mama Anande, njoo!" Mzee Selemani alikuja taratibu na kofia yake mkononi, akiivaa njiani. Hedwiga alikuja na unga hadi kwenye viwiko. Twahir alisimama mbele ya mlango uliokuwa wazi, akapangusa mikono kwenye suruali mara mbili, tatu.

"Nilipanga iwe kesho, na mbuzi," alisema. "Lakini leo breki imesimama na nimefurahi, na mtu akifurahi asingoje. Mzee, mimi nilitamka neno baya uwanjani hapa. Ushuhudie na zuri. Maulida, nimekurejea."

Kigelegele cha Hedwiga kilianza juu sana, kikafika nusu. Alikuwa amemwona Maulida usoni, naye alijua. Kikakatika.

Mguu wa Maulida ulikuwa bado kwenye breki. Hakuwa ameambiwa toa.

"Umechelewa, Baba Salwa."

"Nimechelewaje? Miezi mitatu haijatimia. Inatimia wiki ijayo."

"Yangu haikuwa ya miezi. Imeisha leo asubuhi."

Twahir aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake aseme anatania. Halafu akamgeukia mwenye nyumba. "Mzee, hebu mwambie."

Mzee Selemani alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Katika jambo hilo, mwanangu, shahidi ni yeye peke yake. Akisema imeisha, imeisha. Haulizwi na kadhi wala nani." Akafungua mdomo kutaja methali, ile ya majuto ambayo kila mtu pale alikuwa ameshaifikiria. Kisha akamtazama Twahir, akaiacha.

Twahir aliinama, akakisogeza kichwa mlangoni. Alinuka mafuta na sabuni ya kufulia. Alikuwa ameoga kwa ajili ya neno lile. "Mama Salwa," alinong'ona, "nani anajua? Hapa nani anajua zaidi yako? Sema umekosea. Sema ni kesho. Mimi na wewe na mtoto tuingie ndani, yaishe."

Ingewezekana. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba ingewezekana kirahisi namna ile. Khanga ilikuwa ikichungulia kwenye karatasi, ya zambarau, rangi anayoipenda. Na pale, mguu ukimuuma mpaka kiunoni, ganzi ikamtoka yote kwa pamoja, na chini yake hapakuwa na kiburi wala haya. Alikuwa anamtaka. Alimtaka siku zote zile alizompelekea wali kwa mkono wa mtoto, na alimtaka sasa, na neno alilolingoja lilikuwa limekuja, na halikuwa na kazi tena. Machozi yalimshuka hadharani, mbele ya viatu vyeupe vya Nathanael, asiyafute.

"Nitajua mimi, Twahir," alisema. Tangu azae hakuwahi kumwita kwa jina. "Kila siku nitajua."

"Basi tufunge ndoa upya. Leo hii."

"Mwenye kuniozesha ni Muzammil. Yuko Kondoa. Panda basi ukamwombe."

"Muzammil hatanipa! Unajua hatanipa."

"Ukiondoka leo utamkuta kabla hajatoa ahadi kwa mwingine. Basi la saa nane lipo."

Twahir alisimama wima. Alitazama upande wa stendi, kana kwamba basi lingeonekana kutoka pale. Ndipo Nathanael alipokohoa.

"Jamani, samahani. Pole sana, mama. Lakini fundi, nimekulipa nusu. Gari inatoka au haitoki?"

Maulida alimtazama Twahir, kwa mara ya kwanza bila kukwepesha macho tangu siku ya vyuma. Twahir alimtazama yeye, akalitazama gurudumu la mbele kulia lililokuwa bado wazi, akapitisha mkono usoni ukaacha mstari mweusi.

"Limebaki moja," alisema. "Nimalizie hili moja. Kesho mashindano yakiisha, Jumatatu asubuhi na mapema, Mama Salwa, naapa, niko Kondoa." Na kabla hajaambiwa lolote alikuwa ameshapiga goti na kuikamata spana. "Toa."

Maulida akatoa mguu. Akashuka.

Aliingia ndani, akajifunga khanga ya pili, akabeba sanduku kichwani na sufuria mkononi. Salwa aliuliza wanakwenda wapi, akaambiwa kwa bibi Zamda. Akauliza kama baba anakuja. "Anajua njia," Maulida alisema. Walipotoka, Hedwiga alikuwa amekalishwa kwenye usukani juu ya gazeti, unga wake ukianguka kwenye kiti cha Japani, analia na kukanyaga ovyo ovyo.

"Shika!" Twahir alikuwa akipiga kelele chini ya gari. "Shika, nimesema! Umetoa tena, upepo umeingia!"

Maulida alipita kando ya miguu yake iliyochomoza. "Asalaam alaykum," alisema, kama apitaye mlangoni kwa watu.

Miguu ikatulia. "Waalaykum salaam," ikajibu sauti kutoka chini. Hakutoka. Kijinati kilikuwa wazi, na angekiachia, wangeanza upya gari zima.

Alipofika langoni aliisikia tena pedali ikigonga chini, na Hedwiga akiomba msamaha. Maulida alisimama. Hakugeuka, kwa sababu ya sanduku.

"Taratibu, mama Anande," alisema. "Usiwe na haraka na mguu. Ngoja aseme."

Kisha akamshika Salwa mkono, wakavuka barabara.